Maisha ya Profesa Abdus Salam na Chekeche la Wataalamu



Ikiwa unakaa Boko, katika wilaya ya Kinondoni, au popote pengine karibu na pwani yetu, nakuomba kabla ya kuendelea uketi barazani, unyooshe mkono na kufungua kiganja chako kielekee juu. Hutaona kitu, wala hutasikia kitu. Hata hivyo, kila sekunde ipitapo, chembe moja hivi hupenya kiganjani mwako, hupita katika sakafu na kuzama ardhini, nawe huna habari. Chembe hizo huitwa myuoni. Huzaliwa juu angani, kiasi cha kilomita 15 kutoka hapo ulipo, wakati mionzi itokayo mbali sana inapoigonga hewa. Myuoni ni ndugu ya elektroni, lakini uzito wake ni kama mara 207 ya uzito wa elektroni, na umri wake ni kama sehemu mbili tu za milioni moja ya sekunde. Zimewapitia wazee wetu tangu zamani, na hakuna aliyezitambua mpaka mwaka 1936.

Nimeanza na kiganja chako kwa sababu chembe hizo zimesimama kama mashahidi katika maisha ya mtu ambaye nataka kukusimulia habari zake. Mtu huyo ni Profesa Abdus Salam, mtoto wa mwalimu wa shule, Mwahmadiyya, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979. Jina lake wengi wamelisikia. Lakini ni wachache waelezwao jinsi maisha yake yalivyopita tena na tena katika chekeche, na jinsi mara nyingine chekeche hilo lilivyokosea.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1926, akakulia katika mji mdogo wa Jhang, katika jimbo la Punjab, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya India ya Waingereza. Baba yake, Chaudhri Muhammad Hussain, alifanya kazi ya elimu katika wilaya yao. Hawakuwa matajiri. Alipokuwa na miaka 14, kijana huyu alifanya mtihani wa kumaliza shule akapata alama ambazo hakuna aliyewahi kuzipata kabla yake katika mtihani huo, na watu wa mji wake walitoka kumpokea. Akaenda Lahore kusoma, na alipokuwa bado mwanafunzi, mwaka 1943, aliandika makala yake ya kwanza ya hesabu.

Sasa zingatia jambo lililotokea mwaka 1946. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Punjab ilikusanya fedha kwa ajili ya vita. Vita vikaisha na fedha zikabaki. Ikaamuliwa zitumike kuwasomesha ng'ambo watoto wa wakulima wadogo. Abdus Salam akawa miongoni mwa wachache waliochaguliwa, na wakati huohuo nafasi moja ikapatikana bila kutazamiwa katika Chuo cha St John's, Cambridge. Akafunga safari. Wenzake waliambiwa wangoje mwaka mwingine. Mwaka uliofuata India ikagawanyika, mpango ule ukafutwa, na wenzake hawakwenda. Hivyo fedha zote zile na mipango yote ile ilimfikisha Cambridge mtu mmoja. Mwenyewe hakulisahau jambo hili maisha yake yote. Alijua kwamba hakupita kwa akili yake peke yake, na kwamba waliobaki nyuma ya chekeche lile huenda miongoni mwao walikuwamo wenye akili kama yake.

Cambridge alifaulu kwa daraja la kwanza katika hesabu na katika fizikia, na kazi yake ya udaktari ikamfanya ajulikane miongoni mwa wakubwa wa elimu hiyo. Mwaka 1951 akarudi nyumbani, Pakistani, kufundisha Lahore. Huko hakukuwa na majarida mapya ya fizikia wala mwenzake wa kuzungumza naye elimu hiyo. Mkuu wa chuo alimtaka achague kazi ya ziada: kusimamia bweni, kushika hesabu za fedha, au kuongoza timu ya mpira wa miguu. Akachagua mpira. Mwaka 1953 zikazuka Lahore ghasia kubwa dhidi ya Waahmadiyya, na mwaka 1954 akalazimika kurudi Uingereza. Ilimuuma kwamba mtu wa nchi maskini ni lazima achague kati ya nchi yake na elimu yake.

Ndugu msomaji, nataka ulitazame vizuri tukio la mwaka 1956. Wataalamu wote waliamini kwamba maumbile hayatofautishi kati ya kulia na kushoto, yaani lolote liwezalo kutokea laweza pia kutokea kama lionekanavyo katika kioo. Abdus Salam, akiwa katika ndege usiku akitoka Marekani, alipata wazo kwamba katika nguvu moja ya maumbile, iitwayo nguvu dhaifu, huenda jambo hilo si kweli. Akaandika hesabu zake, zikafikishwa kwa Wolfgang Pauli, mwanafizikia aliyeheshimiwa kuliko wengi. Pauli akamjibu kwa mzaha kwamba atafute jambo bora zaidi la kufikiria. Kijana akasita kuchapisha. Mwezi Januari 1957 majaribio yaliyofanywa Marekani, na mojawapo lilikuwa la kuangalia jinsi myuoni zinavyovunjika, yakaonyesha kwamba maumbile kweli hutofautisha kulia na kushoto. Tuzo ya Nobel ya mwaka huo ikawaendea Lee na Yang, Wachina wawili waliokuwa Marekani, ambao nao walikuwa wamelifikiria jambo hilo na kulichapisha. Pauli alimwandikia akimtaka radhi. Hapo punje nzima ilitupwa pamoja na makapi, na aliyeitupa alikuwa mjuzi wala hakuwa mjinga.

Mwaka huohuo wa 1957 akawa profesa katika Chuo cha Imperial, London, na mwaka 1959, akiwa na miaka 33, akaingizwa katika Royal Society. Mnamo miaka ya 1967 na 1968 alifikia ile fikra iliyomletea sifa. Kuna nguvu ya sumaku na umeme, ambayo ndiyo iwashayo taa yako. Na kuna ile nguvu dhaifu, ambayo kwayo baadhi ya chembe huvunjika na jua huweza kuwaka. Yeye, pamoja na Steven Weinberg na Sheldon Glashow, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba nguvu hizi mbili kwa asili ni moja. Nadharia hiyo ilidai kwamba lazima ziwepo chembe nzito ambazo hakuna aliyeziona, ziitwazo W na Z, na kwamba lazima kuwe na aina ya mgongano ambao haujapata kuonekana.

Usidhani kwamba fikra hii ilithibitika kwa kuwa aliyeitoa alikuwa mcha Mungu. Ni kweli kwamba imani yake katika Mungu Mmoja ilimfanya atafute umoja katika maumbile, na mwenyewe alikiri hivyo. Lakini Weinberg hakuwa na dini yoyote, na walifika mahali pamoja. Salam mwenyewe alilikumbusha jambo hili mara kwa mara. Imani ilimpa ari ya kutafuta. Ushahidi ilimbidi aungoje kama mtu mwingine yeyote.

Ushahidi wa kwanza ulikuja mwaka 1973, katika kituo cha CERN karibu na mji wa Geneva. Katika mtambo uitwao Gargamelle walirusha chembe zisizo na umeme, ziitwazo nyutrino, na kuzipiga picha zilipogonga. Katika migongano iliyokwisha kujulikana, hutoka myuoni. Katika ile iliyotabiriwa na nadharia, myuoni haitoki. Wataalamu wakatafuta, wakazikuta picha zisizokuwa na myuoni. Salam alikuwa ndiyo kwanza amewasili katika mji wa Aix-en-Provence, Ufaransa, na mizigo yake mkononi akitoka stesheni, gari likasimama kando yake, na mmoja wa wataalamu wale akampa habari.

Mwaka uliofuata ulileta habari ya namna nyingine. Tarehe 7 Septemba 1974 Bunge la Pakistani lilibadili katiba likatamka kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam alikuwa mshauri mkuu wa Rais katika mambo ya sayansi tangu mwaka 1961. Akajiuzulu. Hata hivyo hakuuacha uraia wa Pakistani, ingawa mataifa mengine yangefurahi kumpa wao. Mwaka 1979, alipokwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel, alivaa kilemba na vazi la kwao, na katika hotuba yake akakumbusha maneno ya Sura Al-Mulk ambamo mwanadamu anaitwa atazame uumbaji, na atazame tena, aone kama atakuta kasoro yoyote. Fedha za tuzo alizitumia kuwasaidia wanafunzi.

Lakini W na Z zenyewe zilikuwa bado hazijaonekana. Hapa inanibidi nikueleze habari ya chekeche, kwa kuwa ndiyo kiini cha mambo.

Ili kuzipata chembe hizo, CERN walizigonganisha protoni na viumbe vinyume vyake kwa kasi kubwa mno. Mgongano mmoja kati ya mamilioni mengi ndio huzaa W au Z, na hiyo huvunjika papo hapo. Haiwezekani kuandika kila mgongano, kama vile mama apepetaye mchele asivyoweza kuikagua kila punje chini ya miwani. Kwa hiyo huwekwa mtambo wa kuamua upesi: huu uhifadhiwe, huu utupwe. Wataalamu wameuita kwa jina la kifyatulio cha bunduki, kwa kuwa bila huo kuruhusu, hakuna kinachoandikwa. Mimi nauita chekeche. Na dalili mojawapo bora ya kuufanya uamue ni myuoni. Chembe nyingine husimama zikikutana na ukuta mzito wa chuma. Myuoni hupenya, kama inavyopenya kiganja chako. Basi nyuma ya chuma huwekwa masanduku yenye hewa maalumu, tabaka baada ya tabaka. Myuoni ikipita, huacha alama katika kila tabaka. Sumaku huipinda njia yake: iliyo dhaifu hupinda sana, yenye nguvu hupinda kidogo. Mtambo ukiona alama zilizopangika karibu na mstari mnyoofu, husema: hii ni ya kuhifadhi.

Januari 1983 ilitangazwa kwamba W imeonekana, katika matukio machache ya kuhesabika kwa vidole, kati ya takriban bilioni moja ya migongano. Katikati ya mwaka huohuo kundi lililoongozwa na Carlo Rubbia likatangaza Z: matukio manne yenye jozi ya elektroni, na moja lenye jozi ya myuoni. Uzito wa chembe hizo, kama mara 86 na mara 97 ya uzito wa protoni, ulikuwa pale pale nadharia iliposema. Myuoni, ambayo mwaka 1973 ilishuhudia kwa kutokuwapo kwake, sasa ilishuhudia kwa kuwapo kwake.

Utauliza, msomaji, je, chekeche likikosea? Punje iliyotupwa na mtambo ule haiokotwi tena, imepotea milele. Ukiweka matundu madogo mno, utapoteza hata kile unachokitafuta; ukiweka makubwa mno, utafurikwa na makapi. Swali hili ndilo liwakeshalo wataalamu mpaka leo. Katika mtambo wa CMS wa CERN, wenye uzito wa tani 14,000, mafungu ya protoni hukutana kiasi cha mara milioni 40 kila sekunde. Chekeche la kwanza huamua ndani ya sehemu nne hivi za milioni moja ya sekunde, likaacha zipite takriban 100,000. Chekeche la pili hubakiza elfu chache tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuliamini chekeche, hulijaribu kwa kuigiza katika kompyuta. Kwanza huumba kwa hesabu migongano ya mfano, mamilioni kwa mamilioni, na humo hupanda myuoni ambazo wao wenyewe wanajua idadi yake na nguvu yake. Kisha huzipitisha katika nakala ya mtambo iliyochorwa ndani ya kompyuta, pamoja na chuma chake, sumaku yake, kelele zake na hata masanduku yake yaliyoharibika. Mwisho hulitia chekeche kazini na kuhesabu: zilizopandwa ni ngapi, zilizopita ni ngapi, na zilizopita bila haki ni ngapi. Likipoteza punje walizozipanda wenyewe, wanajua kosa liko katika chekeche wala si katika punje, na wanalirekebisha kabla mavuno ya kweli hayajafika.

Hata hivyo mfano si jambo lenyewe. Kwa hiyo hutafuta pia punje ya kweli inayojulikana vizuri, ili wapime nayo. Na unajua hutumia nini? Hutumia ile Z. Inapovunjika kuwa myuoni mbili, wakiikamata moja bila shaka, wanajua kwamba ya pili lazima iwepo. Wanaangalia kama chekeche liliiona au liliipoteza. Chembe aliyoitabiri Salam, iliyotafutwa kwa miaka mingi kwa mashaka makubwa, leo ndiyo kipimo kinachojulisha kama chekeche ni la haki. Kwa machekeche yaliyopimwa hivyo, tarehe 4 Julai 2012 CERN walitangaza kuonekana kwa chembe ya Higgs, ambayo nayo nadharia ile ilikuwa imeihitaji.

Lakini Salam hakuridhika na machekeche ya chembe tu. Aliwaza juu ya yale ya watu. Mwaka 1964, kwa juhudi yake na msaada wa serikali ya Italia, kilifunguliwa katika mji wa Trieste kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, naye akakiongoza mpaka mwaka 1993. Humo mtaalamu wa nchi maskini huja kwa miezi michache, kwa gharama ya kituo, akasoma na kuzungumza na wenzake, kisha akarudi kwao kufundisha, bila kulazimika kuhama kama yeye alivyolazimika. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliokaribishwa huko. Mwaka 1983 aliasisi chuo cha wanasayansi wa Dunia ya Tatu. Na Mwalimu Julius Nyerere alipoongoza Tume ya Kusini, kuanzia mwaka 1987 hadi 1990, Abdus Salam alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Mwaka 2018 kituo cha Trieste kilipata tawi shirika Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki.

Miaka yake ya mwisho ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulimnyang'anya mwendo, kisha usemi. Alifariki dunia huko Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah, Pakistani, karibu na wazazi wake. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Jiwe la kaburi lake liliandikwa kwamba alikuwa Mwislamu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel. Baadaye neno lile la Mwislamu lilifutwa kwa rangi, na jiwe likabaki na maandishi yasiyo na maana kamili. Lakini tazama: katika mtambo ule wa CMS, baadhi ya masanduku ya kuzitambua myuoni, yale hasa yatumiwayo na chekeche kuamua upesi, yalitengenezwa Pakistani, katika kituo cha fizikia cha Islamabad kilichoasisiwa na Riazuddin, mwanafunzi wa Salam. Nchi iliyomkataa mtu ilitoa mikono yake kutumikia elimu yake.

Mpendwa msomaji, huenda wewe ni mgeni katika kutafuta dini, au umeingia karibuni, au bado unasita mlangoni. Nawe unalo chekeche moyoni. Limefumwa na yale uliyoambiwa utotoni juu ya watu fulani, kabila fulani, madhehebu fulani. Kila siku linaamua kwa upesi nani asikilizwe na nani atupwe, na wengi uliowatupa hutawapata tena. Je, umewahi kulijaribu? Chukua mtu mmoja ambaye unaujua ukweli wake na wema wake bila shaka yoyote, kisha uulize kama kwa kanuni zako angepita. Akikwama, usimlaumu yeye. Angalia matundu ya chekeche lako. Na wewe mzazi au mwalimu, unapomwambia mtoto wa Boko kwamba elimu hizi ni za wengine, kumbuka vijana wale wa Punjab walioambiwa wangoje mwaka mmoja.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kutazama na kutazama tena, atuepushe na kuitupa haki pamoja na makapi, na amrehemu mja wake Abdus Salam. Amin.